Mifuo Miwili Inapokutana: Uainishaji wa Mwingiliano wa Vipengele vya Umbo katika Usanifu na Utengenezaji kwa Kompyuta

Fundi mchongaji akipewa mchoro wa kifaa cha chuma, hasomi mistari, husoma kazi. Mduara mdogo humwambia kwamba hapo pana tundu la keekee. Mistari miwili sambamba humwambia kwamba hapo pana mfuo, nao utachongwa kwa kisu cha upana fulani. Kabla hajawasha mashine, amekwisha kuamua lipi litangulia na lipi lifuate.

Kompyuta haina ujuzi huo ila ule iliyofundishwa. Yaweza kuhifadhi umbo la kifaa kwa usahihi mkubwa kuliko karatasi yoyote, na bado isijue kwamba sehemu fulani ya umbo hilo ni tundu. Ugumu huzidi pale ambapo matundu, mifuo na vidato vinakutana, kwa kuwa kila kimoja hubadili sura ya mwenzake. Elimu ya kuainisha mikutano hiyo ndiyo mada ya somo hili. Wanafunzi wa hisabati na wa ufundi wataona jinsi jiometri ya darasani inavyoamua kama kifaa kitatengenezwa vema, au kama keekee itavunjika ndani ya chuma.

1. Kutoka utepe wa namba hadi umbo kamili

Mwaka 1952 Chuo cha Tekinolojia cha Massachusetts, Marekani, kilionyesha mashine ya kuchonga iliyoongozwa kwa namba zilizotobolewa katika utepe. Wazo la awali lilitoka kwa John Parsons, mtengenezaji wa mapanga ya helikopta, aliyehitaji kuchonga nyuso za mapindo kwa usahihi mkubwa. Mashine hiyo ilijua kwenda: songa kulia, shuka, rudi. Haikujua inachonga nini.

Mwaka 1963, katika chuo hicho hicho, Ivan Sutherland alitoa tasnifu juu ya programu yake iitwayo Sketchpad. Kwa programu hiyo mtu aliweza kuchora juu ya kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Kompyuta sasa ilijua mistari, lakini si vitu vyenye mjao.

Katika miaka ya 1970 hatua ya tatu ilipigwa. Huko Cambridge, Uingereza, Ian Braid na wenzake waliunda programu ya kuhifadhi kitu kizima kwa orodha ya nyuso, kingo na vipeo vyake. Huko Rochester, Marekani, Herbert Voelcker na Aristides Requicha walikieleza kitu kwa lugha ya seti: chukua mche mstatili, toa mcheduara, unganisha mche mwingine. Njia hizi mbili ndizo msingi wa usanifu wa vitu kwa kompyuta hata leo.

Hata hivyo pengo lilibaki. Upande mmoja palikuwa na umbo kamili katika kompyuta; upande wa pili palikuwa na mashine iliyo tayari kufuata namba. Katikati alisimama binadamu, mpangaji wa kazi, aliyetazama umbo na kusema, "Hili ni tundu, ule ni mfuo, na tuanze na huu." Kuziba pengo hilo kulihitaji kuipa kompyuta neno jipya.

2. Kipengele cha umbo ni nini?

Neno hilo ni kipengele cha umbo. Kipengele cha umbo ni sehemu ya kitu ambayo ina sura inayotambulika na pia ina maana katika kazi. Mfuo una kitako kimoja na kuta mbili zinazotazamana. Kidato kina kitako kimoja na ukuta mmoja. Tundu la kupenya lina uso wa mcheduara na midomo miwili. Tundu lenye kitako lina mdomo mmoja tu.

Kila kipengele huja na mambo manne: aina yake, vipimo vyake, mahali pake, na masharti yake. Jambo la nne ndilo muhimu kuliko yote katika somo hili. Msanifu anaposema "tundu la kupenya" hatoi vipimo tu, bali anaahidi kwamba tundu hilo litakuwa wazi pande zote mbili, labda kwa sababu bolti itapita humo. Ahadi ikivunjika, kifaa kimeharibika, hata kama kila namba iliyoandikwa ni sahihi.

3. Mfano wa kipande cha alumini

Tuchukue kipande cha alumini chenye urefu wa mm 100, upana wa mm 60 na kimo cha mm 40. Mjao wake ni 100 × 60 × 40, yaani milimita za ujazo 240,000.

Juu ya kipande hiki msanifu ataka mifuo miwili. Mfuo wa kwanza unapita katikati kwa urefu wote. Upana wake ni mm 20 na kina chake ni mm 15; mjao wake ni 100 × 20 × 15, sawa na 30,000. Mfuo wa pili unapita katikati kwa upana wote na kuukata ule wa kwanza kwa pembe mraba. Nao una upana wa mm 20 na kina cha mm 15. Mjao wake ni 60 × 20 × 15, sawa na 18,000.

Je, chuma kitakachoondolewa ni kiasi gani? Mwanafunzi mwenye haraka atajumlisha 30,000 na 18,000 apate 48,000. Lakini pale mifuo inapokatana kuna mche wa 20 × 20 × 15, yaani 6,000, ambao umehesabiwa mara mbili. Kwa kanuni ya seti, mjao wa muungano ni jumla ya mijao miwili kutoa mjao wa makutano. Basi chuma kinachoondoka ni 42,000, na kinachobaki ni 198,000.

Tofauti hii ya hesabu ni dalili ya mabadiliko makubwa zaidi. Kabla ya kukatana, mfuo wa kwanza ulikuwa na kuta mbili, kila moja yenye urefu wa mm 100. Baada ya kukatana una kuta nne, kila moja yenye urefu wa mm 40. Mfuo wa pili nao una kuta nne za mm 20. Vitako viwili vimeungana vikawa kimoja chenye sura ya msalaba. Kwa hiyo mifuo miwili, ambayo ikitengana ingekuwa na nyuso sita, sasa ina nyuso tisa: kuta nane na kitako kimoja. Ukuta mzima wa mm 100 ulioelezwa na msanifu haupo tena popote katika kifaa.

Vipengele, basi, havijumlishwi kama shilingi mfukoni. Vikikutana, hubadilishana sura. Badiliko hilo ndilo huitwa mwingiliano wa vipengele.

4. Hesabu ya Euler na kasoro yake

Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi wa karne ya 18, alionyesha kwamba katika kitu chenye nyuso bapa, kisicho na tundu la kupenya na ambacho kila uso wake una mzingo mmoja tu, idadi ya vipeo kutoa kingo kuongeza nyuso ni 2 daima. Mche mstatili una vipeo 8, kingo 12 na nyuso 6; na 8 − 12 + 6 = 2. Programu za maumbo hutumia kanuni hii, pamoja na nyongeza zake kwa vitu vyenye matundu, ili kuhakikisha kwamba umbo halina mwanya.

Tuhesabu kipande chetu chenye mifuo miwili. Kina vipeo 32, kingo 48 na nyuso 18; na 32 − 48 + 18 = 2. Umbo ni kamili.

Sasa tubadili jambo moja tu. Mfuo wa pili uwe na kina cha mm 10 badala ya 15. Kitako cha mfuo wa kwanza hakiguswi. Kila ukuta wa mfuo wa kwanza unabaki mmoja, ila una pengo kwa juu. Kitako cha mfuo wa pili ndicho kinachokatwa vipande viwili, na kuta zake zinakuwa nne. Tukihesabu upya, tunapata vipeo 32, kingo 48 na nyuso 18. Hesabu ni ile ile!

Hapa pana fundisho. Vitu hivi viwili ni tofauti kabisa kwa fundi, kwani kimoja huchongwa kwa kina kimoja na kingine kwa vina viwili. Lakini idadi ya vipeo, kingo na nyuso haiwezi kuvitofautisha. Kompyuta inayohesabu tu haitaona tofauti yoyote. Yahitaji kuangalia namna nyuso zinavyokutana.

Wanafunzi wa fizikia wanajua lenzi mbinuko na lenzi mbonyeo. Maneno hayo yafaa hapa pia. Mtu akigusa ukingo wa nje wa meza, hugusa ukingo mbinuko: ubao unajaza pembe ya nyuzi 90 tu. Akigusa mahali sakafu inapokutana na ukuta ndani ya chumba, hugusa ukingo mbonyeo: sakafu na ukuta vinajaza nyuzi 270, na uwazi ni nyuzi 90. Kila mahali pa ukingo mbonyeo katika kifaa cha kuchonga, kisu kimepita. Kwa hiyo kingo hizo ni nyayo za kisu.

Tuhesabu basi kingo mbonyeo peke yake. Mifuo ikiwa na kina sawa, kitako cha msalaba kinakutana na kuta nane. Kingo mbonyeo ni 8. Mifuo ikiwa na vina tofauti, kitako kirefu kina kingo mbonyeo 2, na kila kimoja cha vitako viwili vifupi kina 2. Jumla ni 6. Idadi iliyofichika katika hesabu ya Euler imejitokeza, na miingiliano miwili imetofautishwa.

5. Aina za mwingiliano

Kusema tu kwamba vipengele vinaingiliana hakutoshi, kama vile daktari hawezi kusema tu kwamba mtu anaumwa. Katika miaka ya 1990 watafiti wengi walitafuta uainishaji ulio kamili. Miongoni mwao ni Rafael Bidarra na Willem Bronsvoort wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Delft, Uholanzi, waliosisitiza kwamba mwingiliano upimwe kwa athari yake juu ya maana ya kipengele. Aina zifuatazo zinafuata fikra hiyo, nazo zinaelezwa kwa kipande kile kile cha alumini.

(a) Kugawanya. Uso wa kipengele kimoja unakatwa vipande viwili au zaidi. Kuta za mifuo yetu miwili ni mfano wake. Kipengele kingali kipo, lakini kimetawanyika.

(b) Kubadili kipimo. Kipimo kilichoandikwa hakilingani tena na kilichopo. Tuseme msanifu ametoboa tundu kutoka chini ya kipande kuelekea juu, kina cha mm 30, likiwa chini ya mfuo wa kwanza. Kitako cha mfuo kipo mm 25 tu kutoka chini. Tundu lililoandikwa mm 30 kwa kweli lina kina cha mm 25.

(c) Kugeuza aina. Tundu hilo hilo lilielezwa kuwa lina kitako. Sasa limepenya hadi ndani ya mfuo. Limekuwa tundu la kupenya bila mtu kuamuru hivyo. Ikiwa lilikusudiwa kubakiza mafuta, mafuta yatavuja.

(d) Kumeza. Kipengele kimoja kinapotea chote ndani ya kingine. Msanifu aliyekwisha kuweka mfuo wa kina cha mm 15 akiongeza ndani yake mfuo mwembamba wa kina cha mm 5, huo wa pili hauondoi chochote. Umbo halibadiliki hata kidogo, lakini kipengele kimebaki katika orodha. Programu isiyo makini itaiamuru mashine kuchonga hewa, na muda wa kazi utapotea bure.

(e) Kuziba. Kitu kinachoongezwa kinafunika uwazi uliokuwapo. Tundu lenye kitako likifunikwa kwa bamba lililo sehemu ya kitu hicho hicho, huwa pango lisilo na mlango. Hakuna kisu kitakachofika humo. Hata tekinolojia ya leo ya kujenga vitu tabaka kwa tabaka kwa unga wa chuma haiepuki shida hii, kwani unga usioyeyushwa hubaki umefungiwa ndani.

(f) Kutenganisha. Kitu kinakatika vipande visivyoshikana. Msanifu akiandika kina cha mm 45 badala ya 15 kwa mfuo wa kwanza, kompyuta itatoa mche huo bila kusita, na kipande kitagawanyika kuwa viwili, kila kimoja cha milimita za ujazo 80,000. Kwa hisabati ya seti, jibu ni sahihi. Kwa kiwanda, ni hasara.

Mwalimu atatambua kwamba tukio moja laweza kuwa la aina zaidi ya moja. Tundu la mfano wa (b) na (c) limebadilika kipimo na aina kwa pamoja. Uainishaji haukusudiwi kukipa kila kitu sanduku lake peke yake, bali kuhakikisha kwamba hakuna athari itakayopita bila kuonekana.

6. Majirani wasiogusana, na utaratibu wa kazi

Vipengele vyaweza kuingiliana bila kushiriki hata tone la mjao. Matundu mawili ya kipenyo cha mm 10, ambayo vituo vyake vimeachana kwa mm 11, hayagusani. Lakini kati yake umebaki ukuta wa mm 1 tu mahali palipo pembamba. Seremala anajua hatari hii: akitoboa karibu mno na ncha ya ubao, ubao hupasuka. Kwa hiyo programu nzuri hupima masafa pia, si makutano peke yake.

Mwingiliano mwingine umo katika kazi yenyewe. Tuseme tunataka tundu la kupenya, kipenyo mm 10, ambalo kituo chake kipo katikati ya kitako cha mfuo wa kwanza. Tukitoboa kwanza, keekee itapita mm 40 za chuma. Tukichonga mfuo kwanza, keekee itapita mm 25 tu. Ni afadhali mfuo utangulie, mradi keekee iwe ndefu ya kutosha, ili kichwa kinachoishika kisigonge kuta za mfuo.

Sasa tulisogeze tundu hilo mm 10, ili kituo chake kiwe juu ya mstari wa ukuta wa mfuo. Mfuo ukitangulia, nusu ya ncha ya keekee itakuta chuma na nusu itakuwa hewani. Keekee itasukumwa upande, tundu litapinda, na pengine keekee itavunjika. Hapa tundu lazima litangulie, chuma kikiwa kizima, ndipo mfuo ufuate.

Vipengele ni vile vile, vipimo ni vile vile. Mahali pamebadilika, na utaratibu umegeuka. Ndiyo sababu haiwezekani kuandika kanuni nyepesi isemayo "mifuo kwanza, matundu baadaye." Ni mwingiliano unaoamua.

Faida yake kwa hesabu ni kubwa. Kifaa chenye vipengele 10 chaweza kuchongwa kwa taratibu 3,628,800 tofauti, ambazo ni zao la 10 × 9 × 8 na kuendelea hadi 1. Hata kompyuta haifai kujaribu zote ovyo. Lakini jozi za vipengele 10 ni 45 tu. Kompyuta huchunguza jozi hizo, na kila inapopata mwingiliano unaodai kimoja kimtangulie mwenzake, huondoa taratibu zinazovunja sharti hilo. Jozi tatu za namna hiyo, zisizoshiriki kipengele chochote, hupunguza taratibu hadi 453,600. Na kila sharti jipya hupunguza zaidi.

7. Kompyuta hutambuaje?

Njia mbili kuu zimefuatwa. Katika ya kwanza, kompyuta hupewa umbo tupu na kutakiwa itafute vipengele. Lycourgos Kyprianou alifungua njia hii katika tasnifu yake ya Cambridge ya mwaka 1980, akianza na kugawa kingo kuwa mbinuko na mbonyeo. Mwaka 1988 Sanjay Joshi na Tien-Chien Chang walieleza namna ya kuchora mtandao: kila uso ni kifundo, kila ukingo ni uzi unaounganisha vifundo viwili, na kila uzi una alama ya ubinuko au ubonyeo. Ukikata nyuzi zote za kingo mbinuko, mtandao huachana vipande vipande, na kila kipande hulinganishwa na vielelezo vinavyojulikana. Mfuo mmoja ni kitako kilichofungwa kwa kuta mbili.

Mbinu hii hufanya kazi vema mpaka vipengele vinapokutana. Turudie mifuo yetu. Vina vikitofautiana, mtandao huachana kuwa vipande vitatu, na kompyuta husema, "Ipo mifuo mitatu," ingawa msanifu alikusudia miwili. Yabidi igundue kwamba miwili mifupi ni mmoja uliokatwa. Vina vikilingana, hali ni mbaya zaidi: kitako kimoja kimefungwa kwa kuta nane, na hakuna kielelezo cha namna hiyo katika kamusi ya kompyuta. Haioni mfuo hata mmoja.

Mwaka 1993 Jan Vandenbrande na Requicha walipendekeza mwendo wa mwindaji. Mwindaji hangoji kumwona mnyama mzima. Huona unyayo mmoja, akakisia, kisha akahakikisha. Vivyo hivyo kompyuta ikiona kuta mbili sambamba zinazotazamana, hata kama zimekatika, huchukua hiyo kuwa dalili ya mfuo. Hurefusha mfuo huo kadiri iwezekanavyo bila kuingia katika chuma kinachotakiwa kubaki, halafu huuliza: je, mfuo huu ukichongwa utalingana na umbo? Kwa msalaba wetu, mifuo miwili mizima hujitokeza.

Katika njia kuu ya pili, kompyuta haitafuti chochote. Msanifu mwenyewe huchagua vipengele tangu mwanzo, naye huambiwa mara moja kila anapovunja ahadi ya kipengele cha awali. Programu za biashara za namna hii zilienea tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Viwango vya kimataifa navyo vilifuata: mfululizo wa ISO 10303 ulianza kutolewa mwaka 1994, na sehemu yake ya 224 inahusu vipengele vya kuchonga. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2010 watafiti wamejaribu pia kuzifundisha kompyuta kwa kuzionyesha maelfu ya maumbo yenye majibu yake. Njia hiyo imeleta matumaini, lakini mahali panapozipa taabu ni pale pale: vipengele vinapoingiliana.

Tena, mara nyingi jibu sahihi si moja. Msalaba wa kina sawa waweza kusomwa kama mifuo miwili mizima. Au kama mfuo mmoja mrefu wa mm 100 na vipande viwili vya mm 20. Au kama mfuo wa mm 60 na vipande viwili vya mm 40. Zote ni sahihi kwa jiometri. Ipi ni bora huamuliwa na visu vilivyopo, mashine, na jinsi kipande kitakavyobanwa katika jiliwa. Kompyuta hutoa orodha. Fundi au mhandisi mwenye ujuzi wa chuma ndiye anayejua sababu ya kuchagua. Uainishaji mzuri haumwondoi fundi, bali humwekea mbele yake yale ambayo jicho lingeweza kuyapita.

8. Jaribio la darasani

Jaribio hili halihitaji kompyuta. Mwalimu awape wanafunzi, kwa makundi, kipande cha sabuni ya mche, rula, penseli na kisu chembamba.

Kwanza, wakate kipande hicho kiwe mche mstatili, wapime na kuandika mjao wake. Pili, wachore na kuchonga mfuo mmoja, kisha wahesabu vipeo, kingo na nyuso. Tatu, wachonge mfuo wa pili unaokata ule wa kwanza. Nusu ya makundi wachonge kwa kina sawa, nusu kwa kina pungufu. Nne, wahesabu upya na kulinganisha. Watashangaa kuona kwamba hesabu zao zinalingana ingawa maumbo ni tofauti. Ndipo wapake wino kwenye kingo mbonyeo tu na kuzihesabu. Mwisho, wajaribu kutoboa kwa msumari mnene juu ya ukingo wa ukuta wa mfuo, na waone msumari unavyoelekea upande ulio wazi.

9. Mazoezi

1. Kipande cha chuma kina vipimo vya mm 80 × 50 × 30. Mifuo miwili, yenye upana wa mm 10 na kina cha mm 8, inakatana kwa pembe mraba. Mmoja unapita urefu wote na mwingine upana wote. Tafuta mjao wa chuma kinachobaki.

2. Katika swali la 1, mfuo unaopita upana uwe na kina cha mm 5. Tafuta mjao unaobaki, na idadi ya kingo mbonyeo.

3. Katika kipande cha alumini cha somo hili, mfuo wa kwanza unasogezwa upande hadi uanzie mm 45 kutoka ukingo mmoja wa upana. Mfuo umegeuka kuwa kipengele gani, na upana wake ni kiasi gani?

4. Matundu mawili yana kipenyo cha mm 12, na vituo vyake vimeachana kwa mm 15. Ukuta uliobaki kati yake una unene gani?

5. Kifaa kina vipengele 6. Jozi mbili, zisizoshiriki kipengele, zina masharti ya kutangulia. Taratibu zinazokubalika ni ngapi?

Majibu: (1) Milimita za ujazo 110,400. (2) Milimita za ujazo 111,600, kingo 6. (3) Kidato chenye upana wa mm 15. (4) Mm 3. (5) Taratibu 180.